Nyimbo za Fundi Konde zina mwenyewe

Leo naanza kwa kukiri kosa. Siku zilizopita niliandika katika ukurasa huu habari za nyimbo zipigwazo arusini kwetu Pwani, na nilipofika kwenye wimbo wa Tausi nikaandika, tena bila ya kusita, kwamba huo ni wimbo wa kale, wa watu wote, usio na mwenyewe. Nilidhani nimesema kweli. Wimbo huo nimeusikia tangu utotoni. Nimeusikia ukipigwa na bendi za hoteli, ukiimbwa na watoto wa shule, na hata mama zetu wakiuvumisha huku wanakuna nazi. Kitu kilichozagaa namna hiyo, nikajiambia, kina mwenyewe gani?

Haikupita juma, kijana mmoja wa matatu akaniletea kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Aliyekiandika ni mwalimu mmoja mzee, mstaafu, akaaye Kaloleni. Maneno yake hayakuwa mengi: "Mwandishi, wimbo huo una mwenyewe, na mwenyewe alisomea juu ya kilima hiki. Njoo nikuonyeshe."

Basi nikafunga safari. Na ninaposema Kaloleni, msomaji usiende mbali ukafika Kaloleni ya Nairobi, ule mtaa wa wafanyakazi. Nasema Kaloleni yetu, ya Giriama, ukipandia Mazeras, njia ikakuzungusha vilimani kati ya minazi mpaka ukaona anga ya bahari imebaki nyuma yako. Ni nchi ya nazi na madafu, na ya tembo pia kwa watumiao. Mzee wangu alijua mimi ni mtu wa chuoni. Alinitilia dafu, akalitoboa kwa mkono wake, akanikaribisha barazani. Kisha akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati.

Ndani ya sanduku mlikuwa na sahani za santuri, zile nyeusi nzito za zamani, kila moja imefungwa kwa gazeti kuukuu. Akaipangusa moja kwa ncha ya kikoi, akaniambia, "Haya, mwanangu, soma." Nikasoma. Jina lililoandikwa pale lilikuwa Fundi Konde.

Kijana wa Giriama

Wengi wetu tulio chini ya miaka sitini jina hili tumelisikia kwa mbali tu, kama jina la mjomba aliyehama kabla hatujazaliwa. Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 Mwabayanyundo, katika nchi ya Wamijikenda. Alisoma katika shule ya misheni ya Kikatoliki ya Mtakatifu George, Giriama, ambayo iko hapo hapo Kaloleni. Huko shuleni ndiko alikojifunza kupuliza klarineti, na gitaa likaja baadaye.

Ilipowaka Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa maelfu katika jeshi la KAR. Mwaka 1944 askari wetu walikuwa Burma, wakipenya misitu na matope ya mvua za kusi katika bonde la Kabaw, ambako homa iliwaua watu kama risasi ilivyowaua. Jeshi likaona kwamba askari aliye mbali na kwao hawezi kula mkate na nyama ya kopo peke yake. Hutaka kusikia lugha yake. Likaunda kikosi cha burudani, cha wapigaji wa kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika, kiwafuate askari huko Burma na Ceylon. Fundi Konde akawa miongoni mwao.

Hebu fikiria, msomaji. Kijana wa Giriama amekaa na Mganda upande huu na mtu wa Tanganyika upande ule, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Mbele yao wako askari waliokwisha zika wenzao. Hapo mtunzi hana budi kutafuta maneno yatakayoeleweka na wote. Nadhani Fundi Konde alipata huko somo ambalo washairi wengi hatulipati maisha yetu yote: kusema neno jepesi ambalo halitapotea.

Dakika tatu za santuri

Vita vilipokwisha, biashara ya santuri ilikuwa inashika moto. Sahani za Kiswahili hazikuwa ngeni kwetu. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri za His Master's Voice, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza bomba. Lakini safari ya Bombay ilikuwa safari ya jahazi na meli, ya wachache. Baada ya mwaka 1947 mambo yaligeuka, kwani studio zilifunguliwa Nairobi, na wenye maduka ya santuri Nairobi na Mombasa wakawa wanatafuta nyimbo mpya kila mara kama mvuvi atafutavyo chambo.

Fundi Konde akaingia katika soko hilo. Alifanya kazi na Peter Colmore, Mwingereza wa Nairobi aliyekuwa mfanyabiashara wa burudani na matangazo, ambaye baadaye ndiye aliyemleta Nairobi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kutoka Katanga. Nyimbo za Fundi Konde zikatoka katika santuri za His Master's Voice, zikauzwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Watafiti wa muziki humtaja kuwa ndiye Mkenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme katika santuri.

Vijana wa leo, ambao wimbo wanaubeba mfukoni, yafaa waelezwe sahani ile ilikuwa kitu gani. Ilitengenezwa kwa utomvu wa laki, ikawa ngumu lakini yavunjika kama kigae. Ilizunguka mara sabini na nane kwa dakika. Kila upande ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo, basi. Sindano ya chuma iliikwaruza kila ilipopita, na mwenye adabu alibadili sindano kila baada ya wimbo mmoja au miwili. Kwa hiyo wimbo uliopendwa sana ndio uliokufa mapema, maana ulichakazwa na hao hao wapenzi wake.

Dakika tatu hizo zilikuwa sheria kama mizani ilivyo sheria kwa mshairi. Katika taarabu mwimbaji aweza kurudia na kuzungusha mpaka watu watunze. Fundi Konde hakuwa na nafasi hiyo. Gitaa lifungue mlango, sauti iingie, kisa kisemwe, gitaa lijibu, kisha kwaheri. Ukisikiliza Majengo Siendi Tena au Mama Sowera utaona hakuna neno la kujazia. Mdundo wake una asili ya rumba, ile iliyotufikia kwa sahani za Kuba zilizoletwa Afrika tangu miaka ya thelathini, lakini maneno ni yetu: ni mtu wa Pwani anayezungumza na jirani yake kizingitini.

Na kwa kuwa sahani zilikuwa fupi na soko lilikuwa na njaa, mtunzi alitakiwa atunge, tena atunge, na kesho atunge tena. Mapenzi, ulevi, mji, safari, majuto, hata sigara. Ipo santuri yake iitwayo Jambo Sigara. Kuanzia miaka ya arobaini hadi ilipomalizika miaka ya hamsini alimwaga nyimbo kama mtu apandaye mbegu kwa mkono wazi. Kama ilivyokuwa desturi iliyoenea siku zile, mtunzi alilipwa mara moja siku ya kutia sauti. Kisha sahani ikaenda zake, yeye akarudi kutunga nyingine.

Tulivyohesabu barazani

Siku ile, mimi na mwalimu tulifanya hesabu. Tulitandika mkeka, tukazipanga sahani moja moja, nikaandika katika daftari. Tulipata saba zenye jina lake. Kila sahani ina nyuso mbili, basi ni nyimbo kumi na nne, katika sanduku moja, la mtu mmoja, katika kilima kimoja. Tatu zilikuwa zimepasuka. Mwalimu alivishika vipande vile kwa viganja viwili, akasema, "Hizi nilizivunja mimi mwenyewe, kwa kuhama nyumba. Hakuna aliyeniambia kuwa ni vitabu."

Neno hilo limenikaa. Hakuna aliyetuambia kuwa ni vitabu.

Wenzetu wa Ulaya walilitambua jambo hili mapema. Mozart alipokufa mwaka 1791 kazi zake zilikuwa zimetapakaa huku na huko. Akatokea mtu mmoja wa Austria, Ludwig von Köchel, mwanasheria aliyependa kukusanya mimea na mawe. Akazikusanya na nyimbo vile vile kama anavyokusanya majani, akazipa nambari moja hadi 626, akaitoa orodha hiyo mwaka 1862. Mpaka leo mpiga muziki wa Tokyo au wa Chicago akitaja kazi ya Mozart hutaja na nambari ya Köchel. Huko Kroatia, nchi ndogo ya kando ya bahari ya Adriatiki, alikuwako mtunzi Boris Papandopulo, aliyefariki mwaka 1991 akaacha kazi zaidi ya mia nne. Nje ya kwao wamjuao ni wachache, lakini kwao kazi zimeandikwa, na anayetaka kuzipiga ajua aanzie wapi.

Tofauti, basi, haiko katika wingi wa utunzi. Pwani hii haijawahi kupungukiwa watunzi. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na Köchel, sisi tulikuwa na masanduku ya bati.

Na wimbo usipoandikwa mwenyewe hugombaniwa, au hupotea. Tazameni Malaika. Fadhili William, kijana wa Taita, aliutia katika santuri karibu na mwaka 1960; baadaye Miriam Makeba na wengine wakauchukua ulimwenguni kote; na mpaka leo wako washikiliao kwamba mtunzi wake hasa ni Adam Salim. Wote wawili wamekwisha tangulia, na mabishano yamebaki kama moshi baada ya moto. Angalau Malaika wagombaniwa. Nyimbo ngapi za Pwani hazigombaniwi kwa sababu kila mtu amekwisha kubali, kama nilivyokubali mimi, kwamba hazina mwenyewe?

Kosa la pili

Nilisema naanza kwa kukiri kosa, lakini kosa la kuandika uongo pasipo kujua ni dogo. Liko kubwa zaidi.

Nikiwa mtoto, jirani yetu fundi cherehani alikuwa na redio, na kila kipindi cha zilizopendwa kilipofika alikuwa akiipandisha sauti. Chuo chetu kilitenganishwa na duka lake na uchochoro tu. Siku moja, katikati ya kusoma, wimbo wa gitaa ukapita dirishani, na kidole changu kikawa kinagonga ubao kwa mapigo yake. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, aliniona. Nilipata bakora zangu kwa sababu ya adabu, na adabu ilikuwa haki yake kunifunza. Silalamiki.

Lakini neno alilolisema baadaye mmoja wa wakubwa pale ndilo lililoingia rohoni na kukaa. Alisema hiyo si hata taarabu. Ni makelele ya Wanyika. Nikajifunza hapo, bila ya kufundishwa rasmi, kwamba udi ni wetu na gitaa ni lao. Kwamba ushairi ni wa mji na kilimani ni kwa kununulia nazi. Nikakua, nikasoma tungo, nikatunga, nikaajiriwa gazetini, na fikira ile ikakua nami. Nimeandika juu ya malenga wa Mvita, wa Lamu, wa Pate na wa Unguja. Juu ya mtu wa Kaloleni aliyetunga kwa Kiswahili safi, mwendo wa saa chache kutoka mezani kwangu, sikuandika hata mstari.

Na si kwamba nilikosa nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini bendi ya Them Mushrooms, wale vijana wa Pwani walioimba Jambo Bwana, walimrudisha Fundi Konde studio, wakazipiga upya nyimbo zake pamoja naye. Mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ikakusanya zile za zamani, za miaka ya 1947 hadi 1956, ikazitoa kwa jina lake. Nilikuwa kijana gazetini wakati huo. Mzee yuko hai, sauti iko hai, mkono uko hai. Nilisema nitakwenda. Tarehe 29 Juni mwaka 2000 akafariki. Waingereza walikuwa wamekwisha mwendea, sisi jirani zake tulikuwa tungali tunafunga viatu.

Haki ya mtu

Tulifundishwa chuoni kwamba madhambi yako aina mbili. Yako yaliyo baina ya mja na Mola wake, na Mola ni Mwingi wa kusamehe. Na yako yaliyo haki za watu, na hizo hazisameheki mpaka mwenyewe asamehe au alipwe. Tulipofundishwa hivyo tulifikiri habari ya mbuzi, ya shamba, ya mali ya yatima. Hatukufikiri wimbo. Lakini nauliza maulamaa na wasomaji wote: mtu akiondoa jina la mwenye kazi juu ya kazi yake, ameacha kuchukua haki yake kwa sababu tu haikuwa mbuzi? Wala swali hili halina haja ya kungojea tukubaliane juu ya gitaa. Anayeliona gitaa kuwa makuruhi na asilisikilize. Lakini haki ya jirani haimtegemei jirani kapiga nini.

Hata sheria ya serikali iko upande huu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa muziki muda wa maisha yake na miaka hamsini baada ya mwaka wa kufa kwake. Hesabu ni nyepesi: Fundi Konde alikufa 2000, basi tungo zake zina ulinzi mpaka mwisho wa mwaka 2050. Santuri yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa, ina hesabu yake nyingine, ya miaka hamsini tangu kunaswa, na sahani za miaka ya hamsini muda wake umekwisha pita. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Husema sahani ni ya zamani, basi wimbo ni wa bure. Sahani ni chungu na wimbo ni chakula. Chungu kikichakaa, chakula hakijawa cha mpita njia.

Sisemi kila arusi iite wakili. Nasema mambo matatu mepesi. La kwanza, mpiga bendi kabla hajaupiga Tausi, amtaje aliyeutunga. Haitamgharimu hata thumni. La pili, kila mwenye sanduku la bamkwe au babu alifungue kabla mchwa hawajalifungua, aandike katika daftari jina lililo katika kila sahani, uso wa kwanza na wa pili. La tatu, walimu wa shule za Kaloleni, Rabai, Kilifi na Malindi wawape watoto kazi hiyo wakati wa likizo. Watoto mia wenye daftari mia watafanya katika mwezi mmoja alichofanya Köchel kwa miaka. Na wasimwandike Fundi Konde peke yake. Watakutana na wengine.

Mwalimu alinisindikiza mpaka stendi. Nilitaka kuzinunua zile sahani saba, naye akakataa, akasema sanduku litabaki kilimani lakini daftari niende nalo, kwa sharti moja: niandike gazetini pale pale nilipoandika uongo. Sharti nimelitimiza leo. Kwa mwenyewe siwezi tena kwenda kuomba radhi. Kwa hiyo naiomba kwa jamaa zake popote walipo, na kwa watu wa Kaloleni, na namalizia kwa ubeti mmoja nilioutunga ndani ya matatu nikiteremka:

Mwenye kutunga hutunga, si upepo uvumao,
Jina lake ukitenga, ni deni la wafanyao,
Watu wote wakiringa, na sauti si ya kwao,
Taja mwenye wimbo wake, ndipo uimbe na wao.